Homa Niliyoiandika Ubaoni

Habari hii siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa, mtanisamehe nikizungukazunguka, maana hadi leo nikiikumbuka aibu ile miguu haitulii. Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu kijana kwenye shule ndogo njia ya Lukozi, nimemposa Zaina, binti wa Mzee Shekuwe, nasubiri tu siku ya ndoa itajwe. Kwetu mchumba hupimwa kwa jembe: unakwenda kumlimia mkwe wako, naye anakutazama. Mimi (mvivu, nakiri) kila Jumamosi nilipeleka salamu kwamba nina homa.

Darasani nilikuwa nafundisha yale maneno ya Kiingereza yenye mkia, ambayo ukikipachika kineno kidogo nyuma ya kitenzi maana inahama kabisa: put ni kuweka, put off ni kuahirisha, put up with ni kuvumilia. Wanafunzi hawashiki, nami sina subira, nikaona niwape mifano ya maisha ya kweli, kwani nani atajua? Nikaandika ubaoni kwamba mwalimu anaahirisha kulima kwa mkwe wake, kwamba homa yake ni ya kutunga, made up, na kwamba hawezi kuvumilia moshi wa kiko cha mzee. Wakacheka, wakanakili, wakakariri kwa pamoja kama ilivyokuwa desturi ya shule, Kiingereza kwanza, Kiswahili kikifuata, asubuhi na mchana, nami nikavimba kichwa kwamba sasa wameshika.

Ikaja siku ya wazazi. Mkaguzi, Mzungu mmoja mrefu, akaomba kusikia Kiingereza cha darasa langu. Nikapendekeza waimbe, nikakohoa, nikaenda dirishani nikarudi, wapi! Darasa zima likasimama na kumwaga yote, kuahirisha, homa, mpaka kiko, na Kiswahili chake juu. Mkaguzi akapiga makofi peke yake. Mzee Shekuwe alikuwa benchi la mbele.

Nilimfuata nje.

"Shikamoo, baba."

Akavaa kofia yake kwanza, taratibu (hamjui urefu wa shikamoo isiyoitikiwa), kisha akasema, "Marahaba. Homa imepona?"

"Imepona, baba."

"Basi kesho uje na jembe. Habari ya ndoa tutaizungumza mahindi yakishavunwa."

Nililima msimu mzima, viganja vikachubuka, kila jioni nikijiuliza kama Zaina bado ni wangu. Lakini jembe halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba kila alipoona ninakuja, mzee alizima kiko chake, akakitia mfukoni.

Zaina nilimpata, namshukuru Mungu. Baba yake hakuvuta tena mbele yangu mpaka alipofariki, hata nilipombembeleza. Nami niliapa, na nimetimiza: tangu siku ile mifano yangu yote darasani ilikuwa ya mbuzi.