Swali Lililoandikwa Kiganjani

Jumanne nilikuwa nangoja fotokopi kwenye saiba moja hapa Donholm. Mama aliyeketi kando yangu alikuwa akisoma kiganja chake. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Gaat het goed met je?"

"Ni Kiholanzi," akaniambia. "Ni kuuliza, uko salama? Binti yangu aliolewa huko. Mjukuu wangu hasikii lugha ingine."

Aliyarudia maneno yale mara nne, akipangusa jasho kwa mkono ule mwingine, kisha akapiga simu ya video. Mtoto aliishika mwenyewe, msichana wa miaka kama saba, peke yake jikoni. Nyanyake akauliza.

Msichana akaongea dakika nzima, haraka, sauti ikishuka, na mwishowe akafuta macho kwa mkono wa sweta. Nyanya aliitikia tu kwa kichwa. "Ja. Ja, mama. Ja." Simu ikakatika.

Akanigeukia. "Amesema yuko salama, sivyo?"

Mitaa yetu hii ukiulizwa "niaje" unajibu "poa", hata kama nyumba inaungua. Nimeambiwa Waholanzi hawako hivyo. Ukiwauliza hali, wanakueleza.

"Ndiyo, mama," nikasema, mimi nisiyeweza hata kuomba maji kwa Kiholanzi.

Akamshukuru Mungu, akaenda mferejini, akanawa kile kiganja kwa sabuni.