Treni ya Italia Iliyosimama Kama Basi

Siku ya kuchagua njia mpya ya gemu letu nilikuwa Mitwero, hapa Lindi, kwa mama mdogo, nimekaa kwenye benchi lake la vitumbua na laptopu yangu chakavu mapajani. Treni sijawahi kupanda. Kwetu huku reli hakuna. Lakini kwenye gemu la treni mimi ni dereva, tena wa kutegemewa. Kijana wa Dar anayetengeneza ramani alikuwa ameliambia kundi letu la wachezaji kwamba atajenga njia moja tu kati ya tutakazopendekeza, halafu anaingia chuo, tusimtafute tena.

Mimi nilipeleka ile ya Italia, inayofuata pwani kutoka Genova kwenda La Spezia. Nimeitazama kwenye video mpaka naiota: giza la handaki, halafu ghafla bahari upande wa kulia, nyumba za rangi zimeng'ang'ania mlima, halafu giza tena. Nilitaka niiendeshe mwenyewe. Nilikuwa naitaka kama mtu anavyotaka kurudi kwao.

Kabla sijaituma nilimwonyesha mama mdogo. Akauliza, "Sasa hao abiria wanakula saa ngapi?"

Niliona ni swali la maana. Nimekulia Mitole, na safari ninayoijua ni ya basi: likifika Nangurukuru linasimama, watu wanakula, wanaswali, wauza korosho wanagombania madirisha. Basi nikaandika kwenye ratiba, kila kituo dakika kumi. Nikatuma nikiwa nimejaa furaha.

"Oya, hii treni au basi la Liwale?" aliandika jamaa wa Morogoro, ambaye yeye alikuwa amependekeza milima ya Uswisi. "Konda kashuka kununua mihogo?"

Kundi zima likacheka. Waliokuwa upande wangu wakaanza kuhamia Uswisi, mmoja baada ya mwingine, nawaona hivi hivi. Nikaandika kwamba nitarekebisha.

Kisha ikaonekana mtengeneza ramani anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

Mama mdogo alikuwa ananichungulia. "Mbona kama unasubiri matokeo ya kidato cha nne?"

"Yale niliyajua kabla hayajatoka, mama."

Ujumbe ukaingia. "Wewe wa Lindi, ratiba yako mbovu. Treni za kule zinasimama dakika moja, zinaondoka. Ila bahari ile hata mimi naitaka. Njia nzima siiwezi, mahandaki yamezidi. Nakupa kipande kimoja, vituo viwili vinavyofuatana. Chagua sasa hivi, la sivyo naanza Uswisi."

Vituo viwili. Nikaipita njia yote kichwani, naacha mji huu, naacha ule, kila mmoja nauonea huruma kama abiria aliyeachwa stendi. Jamaa wa Morogoro akaandika, "Amekimbia huyo." Nikaogopa kweli.

Nikaandika: Monterosso, maana kituo chake kinatazamana na bahari. Na Vernazza, ule uliobanwa katikati ya mahandaki.

Mama mdogo akahudumia mteja, akarudisha chenji.

"Sawa," akajibu mtengeneza ramani. "Naanza kesho."

Nikaifunga laptopu, nikaenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nacheka, na machozi yananitoka kwa ajili ya ile miji mingine yote, na sikutaka wateja wanione.