Mbwa wa Macho Manne

Nilipokuwa mtoto, mbwa mwenye madoa mawili juu ya macho aliitwa mbwa wa macho manne, na watu wa kwetu, upande wa Chumbi, hawakutaka kulala naye ua mmoja. Walisema macho ya chini yanaona tunayoyaona sisi, na yale ya juu yanawaona waliokufa. Sasa mimi ni mtu mzima, nimezaa na nimezika, na bado nikimwona mbwa wa namna ile njiani miguu hupunguza mwendo yenyewe. Siwezi kusema naamini. Kusema siamini pia siwezi.

Baba alikuwa ameondoka wakati wa kiangazi kwenda milima ya Umatumbi, pamoja na wenzake waliokunywa maji ya dawa na kuambiwa kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Aliondoka asubuhi, bila maneno mengi, kama mtu anayekwenda kutazama mtego. Baada yake wakaja askari wakakusanya magobore, mikuki na hata nyavu za kuwindia. Wanaume wakawa wachache kijijini, na nguruwe wakajua. Sijui walijuaje. Walianza kuingia mashambani mchana kweupe, wakafukua mihogo huku tunawatazama. Mama alikuwa na shamba moja la mpunga bondeni, na mbegu kidogo aliyoificha ndani ya mtungi. Aliniambia mpunga ule ukiliwa, na sisi tumeliwa.

Ndiyo maana alinichukua tukaenda kwa Mzee Mbonde, mwindaji aliyezoea kuwinda na baba. Jike lake la mbwa lilikuwa limezaa. Wakubwa wawili walikuwa wamekwisha chukuliwa, na waliobaki ni wawili: mmoja mweupe, na mmoja mweusi mwenye madoa ya rangi ya udongo juu ya macho.

Mama alikuwa na udhu, hakutaka kuwagusa, kwa hiyo mikono ilikuwa yangu. Mzee Mbonde alikaa kwenye kigogo, mguu wake mmoja umevimba, akawa ananiagiza.

"Mtie vidole viwili katikati ya miguu ya mbele. Vinaingia?"

"Vinaingia, babu."

"Kifua kipo, basi. Tazama nyayo. Zimefumba au zimetawanyika?"

Za mweusi zilikuwa zimefumba kama ngumi. Za mweupe zilitawanyika, na mgongo wake ulibonyea nilipoukandamiza kwa kiganja. Akaniambia nifungue midomo nitazame kaakaa. La mweusi lilikuwa jeusi tupu. Kisha akachukua kata ya maji akaiangusha nyuma yao bila kutuonya. Mweupe alijikojolea akajificha chini ya kigogo. Mweusi aliruka, akasimama, akaigeukia ile kata na kuinusa.

"Umeona? Kushtuka si kitu, kila mwenye roho hushtuka. Mtazame anafanya nini baada ya kushtuka."

Mwisho alinitaka nimlaze chali na kumshika kifuani. Yule mweusi alipigana na mkono wangu, kisha akatulia akanikazia macho. Nilihisi moyo wake ukipiga kwenye vidole vyangu. Sikupenda alivyonitazama.

Mama akauliza, "Na hayo madoa, mzee?"

Mzee Mbonde alijikuna goti. "Mimi nakueleza mwili, mama Somoe. Hayo mengine muulize mkweo."

Mama aliinama akamtazama yule mweusi usoni. Alikuwa amechoka, miezi ile alikuwa kila mara kama mtu aliyetoka kubeba kitu kizito na kuambiwa akarudie kingine. Kisha akaniambia nimbebe mweusi. Njiani akampa jina: Watasema.

Bibi, mama yake baba, alitupokea mlangoni. Alipomwona yule mtoto wa mbwa hakupaza sauti. Alisema tu, "Mbwa huyu akilia akiutazama mlango wa nyumba, mtu wa nyumba hiyo harudi. Na mimi nina mtoto mmoja huko."

"Mama, nguruwe hawatungoji," mama akajibu.

Basi Watasema alilala nyuma ya jiko, akala kwenye kifuu chake peke yake, nami nikionywa kila siku kwamba ute wake ukinigusa ninawe mara saba, moja kwa udongo. Mvua zikaja, mto ukapanda ukashuka, mpunga ukaota. Tulihamia bondeni, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia shamba, na bibi akabaki nyumbani. Siku moja mchana nguruwe jike mkubwa alitoka kwenye matete, na mbwa wetu hakuwa na umri wa miezi sita. Alishtuka, nilimwona. Kisha akaanza kumzunguka yule nguruwe akibweka, hamkaribii wala hamkimbii, mpaka mama akafika na upondo wa mtumbwi na nguruwe akarudi majini. Mama alikaa chini palepale kwenye tope akavuta pumzi. Sikumbuki kumwona akiwa na furaha zaidi mwaka ule.

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, tulikwenda nyumbani kumpelekea bibi samaki. Watasema alikaa uani, akautazama mlango, akalia. Haikuwa kubweka. Ilikuwa sauti ndefu, nyembamba, na alipoianza hakuweza kuiacha. Bibi alijifunika kaniki kichwani. Mimi nilimpiga mbwa kwa fimbo na akaendelea kulia.

Siku ya pili alikuja baba mdogo Athumani, binamu yake baba, akitoka Umatumbi. Alikuwa amekonda hata sikumtambua. Akakaa barazani, akaomba maji, akasema yeye ndiye aliyemzika.

Akaitwa mwalimu wa chuo cha Kurani amweleze mama habari ya eda. Mwalimu aliuliza, "Alifariki lini?"

"Kabla ya vuli. Mvua zilikuwa hazijaanza."

Mwalimu akahesabu kwa vidole, akarudia tena. Ilikuwa miezi saba na siku kadhaa. Akamwambia mama kwa upole kwamba eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa tangu mume alipokufa, si tangu habari ilipofika. "Yako imekwisha, mama."

"Yote?" mama akauliza.

"Yote."

Bibi aliagiza mbwa afukuzwe. Mama akamjibu taratibu kwamba mbwa akifukuzwa, mpunga hautafika mwezi ujao. Bibi akakubali, lakini hakumsamehe yule mbwa. Kesho yake alfajiri tulirudi bondeni. Tulivuna mpunga mchache, tukaula kwa kuubana, tukaishi. Walioukosa nawakumbuka kwa majina.

Bibi alikufa akiamini kwamba mbwa ndiye aliyemwita mwanawe. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Naona kwamba kama mbwa alijua, alichelewa kutuambia. Na mwaka ule mtu angenyoosha kidole kwenye mlango wowote, kutoka Mohoro mpaka milimani, akasema wa humu harudi, angesema kweli. Sasa sishindani tena na bibi. Alitaka apate wa kumlaumu aliye karibu, na aliokuwa na haki ya kuwalaumu walikuwa mbali, tena wana bunduki.

Namfikiria zaidi mama. Alikaa eda yake yote akilima na kupanda, hata akicheka mara moja moja, na hakuna aliyemwambia. Siku alipoambiwa, ilikuwa imekwisha, na mpunga ulikuwa unangoja. Alikuwa hajapewa hata siku moja ya kukaa chini.