Kengele Chini ya Kiti

Kengele ilikuwa ya ng'ombe, ya chuma, yenye kutu mdomoni. Mume wangu aliipata kwa wafugaji waliopitisha mifugo yao Ruiru wakati wa ukame, akaileta nyumbani akicheka peke yake. Nilidhani ni pambo. Jumapili iliyofuata nikaiona imefungwa chini ya kiti cha baiskeli ya mhasibu mmoja mnene wa kikundi chetu. Mhasibu huyo alivumilia safari moja, kisha hatukumwona tena, na kengele ikahamia kwangu.

Sisi ni watu wazima wenye kazi zetu na vitambi vyetu. Baada ya ibada ya kwanza tunapanda baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, tunaondoka Gitothua na kufuata njia za vumbi hadi Thika. Lami ni mwiko. Tunapita katikati ya mibuni, tunavuka kijito, tunatokea upande wa Theta kwenye uwanda wa nyasi kavu na miiba, kisha tunapanda hadi kwenye kijisitu cha mikaratusi na kupumzika. Kutoka hapo ni miti na kahawa tena mpaka kibanda cha chai, Thika. Mume wangu ndiye kiongozi, maana ndiye aliyeichora njia hiyo kwenye simu yake, na sheria ya kengele ni yake pia.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Wa mwisho kufika kwenye mikaratusi hufungiwa kengele kwa blada, ule ukanda unaokatwa kwenye tyubu kuukuu. Anaenda nayo mpaka Thika, anarudi nayo nyumbani, na Jumapili inayofuata anaanza nayo safari. Hakuna anayemsubiri. Wakiisikia inalia huko nyuma, wanajua mkia bado unakuja, wanazidi kukanyaga.

Ni yeye aliyenivuta kwenye mchezo huu. "Mama Twins, tutafute kitu ya kufanya pamoja," aliniambia baada ya mapacha wetu kwenda shule ya bweni. Pamoja, eti! Kabla hatujamaliza nyumba za Gitothua alikuwa ameshapotelea mbele na wanaume wenzake, mimi nimebaki na vumbi lao.

Niliivaa kengele ile msimu mzima wa kiangazi. Wavuna kahawa waliinua vichwa wakidhani ng'ombe ameingia shambani, wakaona ni mama mwenye helmeti, wakashika mbavu. Siku ya kwanza kunifungia, mume wangu aliivuta blada kwa meno, akaipigapiga kengele kama mtu anayejaribu mlango, akasema mbele ya wote, "Hii ikinyamaza, tutajua umekufa."

Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mwanamke akinuna mbele ya wanaume sita huambiwa hajui mzaha.

Kisha siku moja nikapata pancha kwenye miti, baada ya mikaratusi. Nililaza baiskeli chini, kengele ikanyamaza. Nilihangaika na lile tairi mpaka kucha zikakatika, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Nilipofika Thika walikuwa wamemaliza chapati. "Tulisikia kimya, tukasema poleni kwa familia," mmoja wao akasema. Mume wangu alicheka mpaka akamwaga chai. Nilimchukia siku hiyo, na nilimchukia kwa utulivu, nikila chapati yangu baridi. Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu maishani: kumfungia kengele ile yeye, kwa mikono yangu, mbele ya watu wale wale.

Saluni yangu iko Mwihoko na Jumatatu huwa haifunguliwi. Nikaanza kwenda peke yangu, kengele ikiwa pale pale chini ya kiti. Nilipanda vilima mpaka mapaja yakawa mawe. Jumatatu moja baada ya manyunyu niliona kwamba pikipiki za maziwa hazikugusa ule uwanda wa Theta. Alama za magurudumu yao zilipinda kushoto kabla ya nyasi na kupanda ukingoni, kwenye udongo mwekundu, zikazunguka mbali na kutokea juu ya mikaratusi. Nikazifuata. Ni njia ndefu, lakini chini kule udongo ni mweusi, ule wa kunata, ambao ukilowa hauachi gurudumu lizunguke. Mume wangu hakulijua hilo. Njia yake aliichora Januari, ardhi ikiwa imekauka na kupasuka, na mstari ule wa buluu kwenye simu aliuamini kuliko macho yake.

Mvua kubwa ilinyesha usiku wa kuamkia Jumapili. Asubuhi, tulipofika mahali pa kupinda, nilisimama nikamwambia, "Baba Twins, huko chini kumelowa. Tupitie juu."

Hata hakugeuza kichwa. "Line ni line. Wewe kama unaogopa matope, pitia kwa shosho yako, utatupata kwa chai."

Wenzake wakacheka kusikia nyanya yangu akitajwa, wakateremka. Mimi nikapinda kushoto.

Nilifika kwenye mikaratusi nikawa peke yangu. Nilifungua blada, nikashika kengele mkononi, nikakaa kwenye gogo. Kutoka pale juu niliwaona wote chini, vidoa vya rangi kwenye nyasi, hawaendi mbele wala nyuma. Wenye akili walibeba baiskeli mabegani. Mume wangu alikataa kubeba. Alikuwa anapanda, anakanyaga, anakwama, anashuka, anachokoa tope kwa kijiti, anapanda tena. Nilimtazama muda mrefu na sikumhurumia hata kidogo. Nilifurahi kama mtoto aliyefungiwa kwenye duka la peremende.

Walipanda mmoja mmoja, wametapakaa tope. Yeye akawa wa mwisho, viatu mkononi. Sikumpa nafasi ya kukaa. Nilipiga magoti nyuma ya baiskeli yake, nikafunga kengele, nikaivuta blada kwa meno, nikaipigapiga.

"Hii ikinyamaza," nikasema, "tutajua umekufa."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alijikohoza, mwingine akaanza kutafuta kitu mfukoni. Mume wangu alinitazama kana kwamba nimemvua suruali kanisani. "Sawa," akasema. "Sawa tu, Mama Twins."

Tukaondoka. Mimi nilikuwa mbele, na kwa mara ya kwanza kengele ilikuwa inalia nyuma yangu, sauti nzuri, ya chini, ikipotea na kurudi kati ya miti. Kisha ikanyamaza.

Wenzangu walipunguza mwendo. "Mama Twins, si turudi tumcheki?" mmoja akauliza. Kumbe wanajua kurudi! Miguu yangu haikusita. Nilikanyaga mpaka Thika, nikaagiza chai na chapati mbili za moto, nikazila zote.

Alifika baadaye kidogo, mzima. "Imeanguka," akasema kabla ya kuulizwa. "Blada ilikatika." Wakampa kiti, wakampulizia chai, na kabla kikombe hakijaisha walikuwa wamekubaliana kwamba ule mchezo wa kengele ulishapitwa na wakati, kwamba kusema kweli haukuwa mzuri, kwamba sisi ni watu wazima jamani. Msimu mzima niliokuwa naivaa mimi, hakuna aliyekumbuka kwamba tu watu wazima.

Jumatatu nilirudi kuitafuta. Nilidhani nitapekua njia nzima mpaka Thika. Ilikuwa kwenye kona ya kwanza tu, ukigeuka unaiona mikaratusi, chini ya mbuni, imefunikwa majani kwa uangalifu. Blada haikuwa imekatika. Ilikuwa imekunjwa duara tatu na ncha yake kupitishwa katikati, jinsi mume wangu anavyokunja waya wa chaja kila asubuhi mezani kwetu.

Nilikaa chini kwenye udongo nikalia kwa hasira, na hasira ile haikuwa juu yake yeye tu. Siku zote zile, kwenye miti na mibuni nisikoonwa na mtu, hata Jumatatu nilipokuwa peke yangu, wazo la kuivua halikunijia. Yeye lilimjia kwenye kona ya kwanza.

Siku hizi haendi tena, anasema magoti yanamsumbua. Jumapili hulala kwenye kochi akiangalia mpira wa marudio. Kengele niliirudisha chini ya kiti changu, safari hii kwa hiari yangu. Mara ya kwanza kuisikia ikitoka mlangoni, aliinua kichwa.

"Hiyo kitu si ilipotea?"

"Niliipata," nikamwambia. "Na blada yake, ikiwa imekunjwa vizuri."

Alirudisha macho kwenye mpira, akaongeza sauti.