Seva Yangu ya Pili Ilionyesha Orodha ya Zamani, Mama Nekesa Ndiye Amesimamishwa Kazi

Admin, nifiche jina na jina la kampuni pia, hapa Eldoret tunajuana. Nina miaka ishirini na tano, nalea msichana wa miezi kumi peke yangu. Kompyuta nilisomea mwaka mmoja tu. Niko probation, bado sijaajiriwa kikamilifu, mahali wakulima huleta mahindi yakaushwe. Zamu zao wanaangalia kwa simu, kwa website yetu.

Seva yetu, ile kompyuta inayobeba website, ikianguka, website ilikuwa inazima na wakulima wanatutukana. Bosi akaniambia niweke seva mbili: moja ifanye kazi, nyingine ingoje, ya kwanza ikianguka ya pili ishike hapo hapo bila mtu kujua. Zote zilifaa kusoma orodha ya zamu kutoka diski moja. Sasa ile ya pili ikakataa kuona diski. Nilihangaika nayo siku tatu. Mtoto alikuwa na homa, chupa hataki, na Mama Nekesa, karani wetu wa geti, ndiye alimbeba mgongoni huku akiandikia watu zamu. "Wewe maliza, mama," akaniambia. "Huyu leo ni wangu."

Asubuhi ya kujaribu hizo seva nilifanya kitu nilichojua si sawa. Niliinakili ile orodha kwa mkono, nikaiweka ndani ya seva ya pili. Bosi akachomoa waya wa ya kwanza mbele ya watu wote. Website ikabaki palepale. "Huyu msichana ni moto!" bosi akasema, wakanipigia makofi. Nikajiambia nitarekebisha kesho. Kesho yake mtoto akalazwa, na niliporudi nilikuta nasifiwa kila kona, nikaona haya kuigusa tena.

Wiki iliyofuata mashine ya kukausha ikaharibika, zamu zikasogezwa. Mama Nekesa akaandika orodha mpya, ikaingia seva ya kwanza peke yake. Jumanne stima ikapotea. Iliporudi, ya kwanza haikuwaka. Ya pili ikashika kazi vile nilivyoipanga, na ikaonyesha watu orodha ya zamani.

Mama mmoja wa Chepsaita akaona jina lake, akakodisha trekta, akaleta mahindi mabichi trela nzima. Kwa karatasi ya geti hayuko.

"Simu imesema leo!"

"Mama, wewe ni Ijumaa," Mama Nekesa akamwambia.

"Na ya leo umepea nani? Amekupatia ngapi?"

Mvua ikamkuta njiani akirudi. Mahindi yakashika ukungu yote. Bosi alipofungua website, nilikuwa nimeshawasha seva ya kwanza, jina liko Ijumaa. Lakini mkaza mwana wa yule mama alikuwa ameipiga picha ile orodha ya asubuhi. Ikaonekana imebadilishwa siku hiyo hiyo, na anayeandika orodha ni mtu mmoja tu. Mama Nekesa akasimamishwa, eti ameuza zamu. Kwao si hapa, na watu wakaanza kulisema kabila lake zima, "hawa wa Bungoma". Mnajua hapa kwetu, maneno kama hayo hayaishii getini.

Mimi nilielewa mara tu nilipoiona ile picha. Nikaenda kuirekebisha seva ya pili kabla mtu hajauliza.

Bosi anataka ripoti yangu Jumatatu, niandike kwamba system haikuwa na shida. Seva nimesharekebisha, zote mbili zinasoma diski moja. Hakuna mtu atawahi kugundua, na hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

Jana Mama Nekesa alikuja kwangu. Kabla ya salamu alimchukua mtoto mikononi mwangu. "Bosi akikuuliza, sema tu ukweli wa hiyo mashine yako," akaniambia. "Wewe ndiye shahidi wangu." Nilijifanya naangalia chai isimwagike.

Ndugu zangu, uongo sitaandika, hilo nimeshakataa. Lakini nikisema, kazi imeenda, na huyu mtoto hana mwingine. Msiniambie niombe, nimeomba. Niambieni nianze na nani, bosi ama Mama Nekesa? Na mtu aliyekubebea mtoto ili umalize kazi iliyokuja kumharibia jina, unamwanzia na neno gani?