Kumi na Nane ya Zamani Yabisha Hodi

Yunisi Shila, mkulima wa Ulemo, anasema kwamba Alhamisi, jua likiwa utosini, alikuwa akianika uwele kando ya barabara ya Kiomboi aliposikia mtu anagonga. Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, kutoka chini ya barabara.

Hakushtuka. Alidhani ni jirani yake, mnyapara wa barabara, ameingia chini kusafisha. Akasema, "Shikamoo baba." Kimya. Akarudia kwa sauti, maana mzee yule si mtu wa kuacha salamu ya mtu chini. Kimya.

"Nikainua kichwa," anasema Yunisi, "nikamwona mnyapara mwenyewe, baba Selina, kule juu mlimani, anateremka na nyundo yake begani. Sasa nikajiuliza, huyu niliyemwamkia ni nani? Nikaondoka. Uwele wote wameula kuku."

Isitoshe, ukitazama mahali pale huoni tundu lolote la kuingilia mtu. Ni barabara tupu, changarawe na majani makavu pande zote mbili.

Saa nne asubuhi ya Jumamosi mnyapara mwenyewe, Manase Kitundu, yupo mahali hapohapo. Ana miaka hamsini na saba. Amepiga magoti katikati ya barabara, sikio moja limekaribia ardhi, nyundo mkononi. Anagonga mara tatu. Anasema polepole, "Hodi."

Halafu anangoja. Wafanyakazi wake kumi na mmoja wamesimama kwa mbali. Hata anayekohoa anageuka nyuma.

Hii ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na tisa. Ana maili ishirini na mbili za barabara, na chini yake makalavati arobaini, yale mabomba na njia za mawe zinazopitisha maji ya mvua. Kila moja lina namba kwenye daftari lake, mwaka lilipowekwa, limejengwa kwa kitu gani, na masika mangapi yamebaki kabla halijafa.

"Bati, masika ishirini na tano," anaeleza Manase. "Zege likimwagwa vizuri, atalikuta mjukuu. Gogo ni masika kumi, tena kama mchwa wamekuonea huruma."

Anajipangusa magoti. "Watu wanadhani mimi ni wa kufukia mashimo. Shimo ni la leo. Mimi naangalia barabara ya miaka thelathini ijayo. Nitakuwa nimeshazikwa, lakini kalavati siku yake itafika tu, na lazima awepo mtu anayeijua hiyo siku."

Desturi ya kugonga na kubisha hodi alifundishwa na mnyapara aliyemtangulia, marehemu Simeoni. Ndani ya kalavati hulala nyoka, nungunungu, hata fisi. Kwa hiyo unagonga, unasema hodi, unangoja. Kama kuna mwenyewe, atoke. Mlio wa nyundo nao unakupa habari: penye afya panasema *puu*, penye tundu panasema *koo*.

Sharti lilikuwa moja. Katika kundi lote asiwepo mtu wa kujibu "karibu."

"Simeoni alisema ukikikaribisha kilichomo, hakitoki tena," anasema Manase. "Hakueleza zaidi. Na mimi sikuuliza."

Mwezi uliopita walikuwa wakipita hapa, kati ya kalavati la kumi na saba na lile linalofuata. Manase alijikwaa, nyundo ikaanguka. *Koo.* Akapiga magoti, akagonga mara tatu, akabisha hodi. Ngo, ngo, ngo: zikarudi tatu kutoka chini.

Filipo, ambaye katika kundi hili ndiye mwenye mdomo, akaitikia kwa sauti ya bibi harusi: "Karibuuu!"

"Tulicheka mpaka tukaegemea makoleo," anakumbuka mwenzake, Ezekieli. "Mzee peke yake hakucheka. Alimtazama Filipo kama unavyomtazama mtu aliyekunywa dawa ya ng'ombe."

Siku hiyohiyo Manase alichomeka vijiti viwili, kimoja kila upande wa barabara, akafunga kamba katikati apime kama barabara inadidimia. Asubuhi ile kamba iligusa changarawe. Baada ya siku nne, kidole kilipita chini yake. Leo kinapita kiganja kizima, kimesimama wima. Na mvua haijanyesha hata tone.

Filipo sasa hafanyi kazi upande huu. Amekaa chini kwa mbali, anachonga mpini. Ukimwuliza, hakuangalii.

"Ulikuwa utani," anasema. "Nyumbani mtu akibisha, mke wangu ndiye anaitikia. Mimi neno lile halitoki tena."

Manase hana haja ya kuuliza kilichopo chini. Katika daftari la zamani, mwandiko wa Simeoni ulisema: *18. Magogo. Limefukiwa, 1931.* Barabara ilipoinuliwa, kalavati la magogo liliachwa humohumo, likapandishiwa udongo. Mpaka mwaka huu wa 1955, mchwa wamekuwa na miaka ishirini na nne ya kula bila kusumbuliwa.

Lakini daftari lile nalo liliingiwa na mchwa. Miaka sita iliyopita karani wa ofisini, Chrispin, alilinakili upya. Alipofika kumi na nane akauliza liko wapi. Halionekani. Basi akaliruka, la kumi na tisa likawa kumi na nane, na arobaini na moja yakawa arobaini.

"Nilikuwa nimesimama pale pale mezani," anasema Manase, na sauti yake inashuka. "Nikamwambia, ndiyo bwana karani, namba zifuatane vizuri. Nilifurahia usafi wa karatasi. Kosa ni langu."

Alipoandika barua ya kwanza kuomba kuchimba namba kumi na nane, jibu lilikuja upesi: namba kumi na nane ni zege, imekaguliwa, ni nzima. Ni kweli. Ni nzima kabisa, iko nusu maili mbele. Ameandika tena mara mbili akieleza kwamba anazungumzia ile ya zamani, akaomba ruhusa ya kufunga barabara siku tatu tu. Barua hizo hazijajibiwa. Na bila karatasi, mnyapara haruhusiwi kufunga barabara.

Anachotaka ni kuichimba, kumwaga zege, na kuirudisha daftarini. "Niandike *18 ya Zamani*," anasema, "na mwaka, ili atakayekuja asimwulize mtu."

Kabla ya saa tano lori la abiria la Kiomboi linateremka. Dereva wake, Alphonce, anasimama mwenyewe mbele ya kitambaa chekundu ambacho Manase amekifunga mtini. Hakuna sheria inayomlazimisha. Anashusha watu, wanavuka kwa miguu, yeye analivusha lori tupu taratibu.

"Manase!" anafoka Klara, mama wa makamo aliyejitwika kapu la kuku. "Mwaka gani utatuacha tupite tumekaa kama watu?"

"Vuka kwanza dada, utanitukana ng'ambo."

"Na huyo mgeni wako wa chini, hajaenda kwao tu?"

Abiria wanacheka. Hata hivyo wanavuka wakitembea ukingoni mwa barabara, na Klara, akifika penye kamba, anazishika shingo za kuku wake wasilie.

Lori linavuka. Kamba inatetemeka. Abiria wanapanda, na Alphonce anatoa kichwa dirishani.

"Mzee, kuanzia Jumatatu mimi sipo. Nimehamishiwa Singida. Atakuja dereva mwingine, wa Manyoni."

Manase anaushika mlango wa lori. Siku ya Jumanne Selina, binti yake mwenye mimba ya miezi minane, anapelekwa hospitali ya Kiomboi kwa lori hili.

"Mwambie awe anashusha watu hapa," anasema. "Selina wangu atakuwemo. Utamwambia, Alphonce?"

Alphonce anaitazama kamba, hamtazami mzee usoni. Anakanyaga mafuta. Lori linapanda mlima, vumbi linalifunika.

Manase bado amenyoosha mkono ule ulioshika mlango. Vumbi linatulia. Kuko kimya kiasi cha kusikia mpini wa Filipo ukianguka.

Ngo, ngo, ngo.

Ezekieli anashusha koleo lake chini bila kelele. Filipo ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Hakuna anayejibu.