Mlango wa Kabati Begani

Mimi ni fundi wa vigae. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na miwili, na kuna jambo moja nililojifunza ambalo sikufundishwa shule ya msingi, na zaidi ya hapo sikusoma. Mama mwenye jiko lake hubishana nawe juu ya rangi. Atakuita urudi, atasema hiki kimepauka, kile ni kama choo cha shule, mradi atakuzungusha siku tatu. Huyo atapika humo. Lakini anayesema, "Weka rangi yoyote tu, fundi," nyumba hiyo anaipangisha au anaiuza. Sijawahi kukosea.

Mafundi wenzangu huniita Bubu, nami huitika. Nyumbani aliyesema kwa niaba yangu ni mke wangu. Majirani wakija alizungumza yeye, mimi nikicheka tu panapochekesha. Miaka sita iliyopita alipata kazi nchi ya mbali, kumtunza bibi mmoja asiyeweza kuinuka kitandani. Alisema ni miaka miwili. Siku ya kuondoka aliuangalia ukuta wa jikoni, saruji tupu, akasema, "Baba watoto, unang'arisha kwa watu, kwako vumbi. Nikirudi nikute jiko."

Mganga hajigangi. Lakini nilianza. Makabati tulitengenezewa na seremala, na rangi aliichagua mke wangu kwa simu: kijani cha jani la mgomba. Tulibishana wiki nzima, yaani alibishana yeye, mimi nikasikiliza. Meza ya sinki niliijenga kwa kimo chake. Ni mfupi. Mimi nikiosha kikombe nainama kama mtu anayetafuta sindano.

Vikabaki vigae. Mwezi uliopita nilichukua vinne, cheupe, cha maziwa, cha njano na cha kijivu, nikavibandika ukutani kwa vipande vya sabuni ya kufulia. Ndivyo nifanyavyo kwa wateja, ili waone rangi asubuhi, mchana na jioni kabla ya kuamua. Nikampigia picha, nikamtumia. Siku nne hakujibu. Jumapili akapiga.

"Picha umeziona?" nikamuuliza.

"Nimeziona. Vyote vizuri."

"Sasa kipi?"

"Chochote tu, baba watoto. Weka unachokipenda."

Nikanyamaza. Nadhani alidhani ni kimya changu cha siku zote.

"Upo?"

"Nipo. Hicho cha njano si kama choo cha shule?" Nilikuwa namchokoza abishe. Hata angenitukana ningefurahi.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetazama saa. "Wewe ndiye fundi bwana."

Mimi si mtu wa kuuliza maswali. Nililishika hilo kabati la kijani kwanza, ndipo nikasema, "Mama watoto, utapika humu?"

Nikasikia maji yakimiminwa huko aliko. "Bibi amenizoea," akasema. "Nami nimezoea huku." Kisha, taratibu, kama anavyosema na mtoto mwenye homa, "Usiningoje na ukuta mtupu. Maliza jiko lako."

Hakulia, nami sikulia. Tuliulizana habari za binti yetu aliyeolewa, kama vile kila mmoja wetu hakuzungumza naye asubuhi hiyo hiyo. Nilipokata simu niliviondoa vigae vile vinne. Sabuni iliacha alama nne ukutani.

Jumatatu nilifungua skrubu za mlango mmoja wa kabati, nikauweka begani, nikaenda nao dukani. Huo ni mtindo wangu wa kazi, maana taa za duka hudanganya, rangi lazima uziweke pamoja juani. Kijiweni mafundi wakapiga kelele.

"Bubu, unahama? Mbona umeanza na mlango?"

"Ukuta anakuja nao kesho!"

Nikacheka panapochekesha, nikapita.

Mama muuzaji ananijua. "Mteja wako wa leo anatakaje?" akauliza.

"Mteja ni mimi."

"Alaa! Na wifi huko aliko amechagua rangi gani?"

"Hajachagua."

Akaniangalia, akaacha kutania. "Basi wewe unapenda ipi?"

Nimebandika vigae vya watu hata sijui vingapi, na swali hilo sikuwahi kulijibu. Nilitoa vigae nje kimoja kimoja, nikaviegemeza kwenye ule mlango wa kijani, nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama. Nilikaa hapo mpaka kivuli cha duka kikanifikia miguuni. Mwisho nikaingia na kigae chekundu, wekundu wa tofali lililoiva.

"Hiki?" akasema mama muuzaji. "Na kijani kile? Baba, hivyo vitatazamana kama wakwe. Chukua cha maziwa."

"Cha maziwa kimepoa."

"Cheupe basi."

"Cheupe ni cha hospitali. Nataka hiki."

"Utajuta!"

"Nijute mimi," nikasema, na sauti ilitoka kubwa, hata mnunuzi wa misumari akageuka.

Nilibandika Jumanne na Jumatano, peke yangu. Vimekaa vizuri, mistari imenyooka. Jioni jua likiingia dirishani, ukuta unakuwa kama una moto nyuma yake. Meza ya sinki sikuiinua. Kikombe ni kimoja, nakiosha nikiwa nimeinama.